Kioo cha Yule Anayecheka

Fundi hakupenda kupigwa picha. Mtu aliyelishwa na picha maisha yake yote, lakini ukimwelekezea simu anageuza uso kama mtoto anayenyweshwa kwinini. "Nipigeni nikifa," alikuwa akisema, "siku hiyo sitatikisika." Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya tatu hapa Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, mlango kwa mlango na wa binti yangu, na ndani picha zilijaa mpaka ubavuni mwa jokofu. Hata moja haikuwa yake. Haikuwa ya mwanawe aliyeko Malmö, haikuwa ya Tanga kwao. Zote zilikuwa za watu wa Australia, wa zamani hizo za magari ya kukokotwa na ng'ombe, waliokufa kabla yeye na mimi hatujajua kutambaa.

Niseme mapema, usije ukanisifu bure njiani. Huyu mtu nilimkosea. Nilimkosea kwa jambo moja la nusu saa, nikalificha miaka miwili, na kwa ajili ya kimya changu akaamini akili yake inamtoka. Wengi hapa Stockholm walimjua Fundi kidogo kidogo, kanisani kwenye kahawa ya baada ya ibada, ingawa yeye alikuwa Mwislamu na alikuja kwa ajili ya maandazi tu. Mimi nilimjua miaka kumi na miwili. Kwa hiyo ni mimi wa kumsema.

Tulikutana kwenye chumba cha kufulia cha jengo. Nilikuwa nimekuja juzijuzi kutoka Taita kumlea mjukuu, na mashine ilikuwa imeyameza mashuka yangu haitaki kufungua. Nikaitukana, yote niliyoyajua. Sauti ikasema nyuma yangu:

"Dada, hiyo mashine ni ya Kiswidi. Itukane kwa Kiswidi."

Nikageuka, nikaona mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, viatu vya ndani miguuni. Binti yangu hakuwa ameniambia kuna Mswahili mlango wa pili. Hapa watu wanaishi hivyo, mlango unamjua mlango, mtu hamjui mtu.

"Wewe ni wa wapi?" akaniuliza.

"Taita."

"Ahaa, Mkenya. Ndiyo maana unagombana na chuma."

"Na wewe lafudhi inakusema, Mtanga, ndiyo maana umesimama unatazama tu."

Alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Ndivyo alivyocheka siku zote. Kisha akabonyeza kitu kimoja, mlango wa mashine ukafunguka, akaondoka bila kuaga. Kuaga nako hakukujua. Ukizungumza naye, mazungumzo yakimwishia anainuka anakwenda zake, hata kama wewe uko katikati ya neno.

Alikuwa amefanya kazi kwenye jumba la makumbusho la hapa mjini, chini kabisa, katika chumba cha giza, akitoa picha za watu wengine. Hakujua majira ya mwaka, alikuwa akisema, alijua harufu ya dawa tu. Alipostaafu walimpa saa na keki. Saa akaitia kwenye droo, keki akaniletea nusu. Na chumba cha giza akakijenga upya katika bafu lake mwenyewe, akaweka ubao juu ya beseni la kuogea, akaning'iniza taa nyekundu, na tangu hapo alikuwa akioga kwenye bwawa la kuogelea la manispaa, Jumatatu na Alhamisi. Nilimwambia huo ni wendawazimu. Akasema, "Mimi ninaweza kuoga popote. Wao hawawezi kutoka popote."

"Wao" ndio hao Waaustralia. Aliwanunua kwenye mnada wa vitu vya bibi mmoja wa Kiswidi aliyekufa bila mtu. Masanduku mawili ya mbao, ndani vipande vya vioo vimesimamishwa kama sahani. Vilipigwa na baharia wa Kiswidi aliyetoroka meli yake huko, akazunguka na kamera kwenye mashamba ya kondoo na machimbo ya dhahabu, kisha akarudi kuja kufia Stockholm. Kulikuwa na daftari pia, la mkono wake, kila kioo kina namba.

Mara ya kwanza Fundi aliponionyesha, aliweka kioo juu ya kisanduku chenye taa, nikainama. Nikaona wanawake weusi tii, nywele nyeupe pe, wamevaa magauni ya kuburuta, wamekaa kwenye ngazi za nyumba ya mabati.

"Hawa ni wa kwetu!" nikapiga kelele. "Hii nyumba ni ya Mwatate! Na huyu ni shangazi yangu kabisa!"

Mabega yakaanza kupanda na kushuka. "Subiri," akasema. Akaingia bafuni, akafunga mlango. Alipotoka na karatasi inayochuruzika maji, shangazi yangu alikuwa Mzungu.

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Kwenye kioo kila kitu kimegeuka. Cheupe ni cheusi."

"Mrudishe alivyokuwa. Alikuwa mzuri zaidi."

Nilizoea kwenda kwake Jumatano. Mjukuu yuko shule, binti kazini, na mimi zamu yangu ya kusafisha ofisi Sundbyberg ilikuwa ya alfajiri, saa nne asubuhi nimesharudi. Nyumba ikiwa tupu hapa ina mlio wake, jokofu na bomba la joto, basi. Mjukuu mwenyewe akirudi namsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, "ndiyo mormor, hapana mormor", yaani bibi, halafu mlango wa chumba chake unafungwa. Kwa Fundi nilipata angalau mtu wa kubishana naye. Nilikaa jikoni kwake, chai imejaa iliki, nikawatazama wale watu mpaka nikawajua kuliko majirani zangu.

Nilimjua mkata manyoya ya kondoo, mikono kama magogo, amekaa juu ya furushi la sufu, jasho limemchora shati. Nilimjua mama aliyekuwa akifua nje ya hema, madebe ya mafuta ya taa amekata juu akayafanya ndoo, kama sisi tulivyofanya. Watoto wa shule peku mbele ya mwalimu aliyefunga tai joto likiwaka. Ngamia wamefungwa mizigo ya unga, na Waafghani waliowaongoza. Mtoto kwenye kigari kinachovutwa na mbuzi. Sungura waliokufa wametungwa kwenye mti mrefu, wanaume wawili wamebeba mti huo mabegani na wanaona fahari. Ukame, mashamba mazima yamekuwa mifupa, na katikati yake mwanamume amevaa koti la Jumapili, kasimama wima, sijui anamwonyesha nani.

Na ile ya farasi. Farasi mzuri, bwana wake kamshika hatamu, na pembeni, karibu kuangukia nje ya picha, mwenyeji mweusi wa nchi ile, kofia mkononi. Kwenye kioo yeye peke yake ndiye alikuwa mweupe. Fundi alifungua daftari la baharia, akanisomea.

"Jina la bwana lipo. Jina la farasi lipo. La huyu?" Akalifunga daftari kwa kofi. "Farasi kaandikwa, mtu kaachwa!"

Siku hiyo hakunipa chai. Alikaa akiitazama picha mpaka nikaondoka. Baadaye nikajua alikuwa akiandika barua Australia, kwa maktaba na makanisa na wazee wa vijiji, kwa Kiingereza chake cha kuazima kamusi, anauliza: huyu ni nani? Wapo waliomjibu. Alikuwa amepata majina ya watu wengi kwa njia hiyo. Huyu ni mkunga, huyu alikufa mgodini, hawa mapacha waliishi wakazeeka. Lakini majibu hayo hakuyaandika popote. Alijaza kichwani. "Nikiandika nitaacha kuwafikiria," alisema. Mtu aliyelaumu daftari la baharia kwa kukosa jina moja, yeye mwenyewe hakuwa na daftari. Nilimwambia. Akainuka akaenda zake, na tulikuwa kwake.

Watu wa kanisani walimuuliza mara nyingi, Fundi, huna picha za kwetu? Mbona unapoteza macho kwa Wazungu? Aliwajibu huku anatafuna. "Za kwetu zina wenyewe. Hawa hawana mtu." Mimi nilifikiri, na wewe je, una nani? Mwanawe alipiga simu Jumapili, dakika tano, na Fundi alikuwa anakaa karibu na simu tangu saa mbili asubuhi, amevaa shati safi, kana kwamba ataonekana.

Ubahili wake ulikuwa kwenye mwanga. Angekupa sufuria zima la pilau, lakini ukiwasha taa ya pili anaizima. "Mwanga ni kama chumvi," alisema. "Ukizidi, umeharibu." Na haraka hakuijua. Picha moja kwa mwezi, Jumatano ya kwanza. Kabla ya hapo, kile kioo kilichofikiwa na zamu alikitoa sandukuni akakisimamisha kwenye rafu ya jikoni, siku kumi, wiki mbili, akinywa chai nacho. "Huwezi kumtoa mtu hujakaa naye." Akishatoa karatasi, aliiosha kwenye maji yanayotiririka, muda mrefu, akiigeuzageuza kama mtu anayeosha mchicha. Hilo niliruhusiwa kulitazama. Maji, maji, maji. Nililiona mara nyingi mno.

Kioo kimoja alikiweka mpaka mwisho. Unajua zamani hizo watu hawakucheka kwenye picha, wote wamekaza taya kama wanaosubiri hukumu. Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja, amekaa kwenye kreti mbele ya duka, aproni imechafuka, kichwa kakirusha nyuma anacheka hadi magego yanaonekana. Mkono wake mmoja umeruka, umekuwa moshi. Baharia aliandika namba tu. Fundi alikuwa hajamuuliza mtu yeyote habari zake. "Kwa huyu nitafunga kazi," alisema. "Kisha nitapumzika."

Wengine wote wakaisha. Akabaki huyo. Fundi akamsimamisha kwenye rafu, na wiki ile ile akaitwa hospitali kubadilishwa nyonga. Akanipa ufunguo nimwagilie maua.

Sasa nisikilize. Mimi ni mtu wa usafi. Shule niliachia darasa la nne nikaenda kukata mkonge, sina cheti chochote, lakini usafi ninao. Ofisi za Sundbyberg meneja alikuwa akiwaleta wageni wapya waone ninavyofanya. Sijawahi kuvunja kikombe cha mtu, sijawahi kuchukua sindano ya mtu. Nikaona Fundi atarudi akichechemea, nyumba ina vumbi la mwanamume, nikasema nitampa zawadi. Nikafunga kanga kiunoni nikaanza jikoni. Nikafika kwenye rafu. Yule mwanamke alikuwa na vumbi usoni na alama ya inzi kwenye meno. Nikasema moyoni, haiwezekani, Fundi akutoe ukiwa mchafu hivi. Nikamchukua, nikafungulia maji ya moto, nikatia sabuni ya vyombo, nikashika sifongo upande laini. Nilikuwa mwangalifu. Maji si ndiyo aliyokuwa akiwaosha nayo siku zote?

Ngozi ya kioo, ile iliyobeba picha, ikajikunja. Ikainuka pembeni kama utando wa maziwa yaliyochemka, na yeye akiwa ndani yake, anacheka. Nikajaribu kuurudisha kwa kidole. Ukateleza. Ukaingia kwenye tundu la sinki, na mkononi nikabaki na kipande cha kioo cha dirisha, kisafi, kinang'aa.

Kukaa nacho sikuweza. Nilikishusha chini kwenye chumba cha taka, nikakitia kwenye pipa la vioo vyeupe. Nikakisikia kinavunjika.

Fundi aliporudi, siku ya pili alibisha mlango wangu kwa fimbo.

"Jirani, kioo changu cha rafuni hukukiona?"

"Sijakiona."

Neno moja tu. Lilinitoka kabla sijalipima.

"Nilikiweka rafuni?"

"Sijui, Fundi. Labda ulikirudisha."

"Labda," akasema. "Labda nilikirudisha."

Ile "labda" nilimpa mimi, na aliila kama sumu. Alifungua masanduku yote mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Akatazama kwenye oveni. Akatazama kitandani. Akaanza kubandika vikaratasi, *funguo hapa, dawa nimekunywa*, mtu ambaye kichwani alikuwa na majina ya watu wa bara zima. Kila Jumatano nilimkuta amepungua. Akisimulia habari za mkunga anakatisha: "Au huyo alikuwa mwingine? Usinishike kwa hilo. Mimi sasa nasahau." Wala hakuwa amekosea. Mimi nilikuwa nazijua zile habari kwa moyo, nilikuwa najua hajakosea. Nikanyamaza. Daktari akampima kumbukumbu, akampa achore uso wa saa, akauchora vizuri kabisa, akarudi nyumbani akasema wamemdanganya kumfariji.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzo niliogopa hasira yake. Baadaye niliogopa kingine. Katika nchi hii sina kitu kingine cha kujivunia ila kwamba ukinipa ufunguo wako utakuta nyumba yako salama. Hilo nikilitoa, nabaki bibi asiyejua kusoma barua za benki. Basi nikalisha kiburi changu, nacho kikala akili yake.

Mwaka wa pili akaomba mwenyewe kupelekwa nyumba ya wazee. Ni upande wa kaskazini wa mji, treni mbili na basi. Nilikwenda mara moja kwa wiki. Chumba kizuri, ukuta mtupu. Masanduku yalikuwa chini ya kitanda, na picha zote ndani ya bahasha. Hakuzitundika.

Siku ninayotaka kuisema, nilimkuta na barua mapajani. Jumba lake la makumbusho lilikuwa limeandika. Wanavitaka vioo vyote, na wanataka kuja Ijumaa na chombo cha kurekodi, awaambie anachokijua kwa kila mtu mmoja mmoja, majina yote.

"Vizuri!" nikasema.

"Nimewaambia vioo wachukue. Mimi wasinihoji."

"Kwa nini, Fundi?"

"Ushahidi wa mtu aliyesahau ni ushahidi? Nitampa marehemu jina la mwenzake. Bora wabaki bila." Akaikunja barua mara nne. "Nilipoteza mtu ndani ya nyumba ya vyumba viwili, jirani. Mtu anayecheka. Sasa hao wengine nitawajuaje?"

Kwetu Taita wazee wa zamani walihifadhi mafuvu ya mababu pangoni, yamepangwa safu. Fuvu halina uso, lakini mwenye ukoo alijua hili ni la nani na lile ni la nani, na akifa bila kusema, pango zima linakuwa mifupa. Nilimtazama Fundi, nikaona pango. Nikaona Ijumaa.

"Hukumpoteza," nikasema. "Nilimwosha mimi."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamweleza rafu, vumbi, sifongo, utando, sinki, pipa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, koti sijavua. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kuinuka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Maji yalikuwa moto?"

"Moto."

"Kiasi gani?"

"Ya vyombo."

"Yangekuwa baridi angeweza kukaa," akasema. Kisha uso wake ukabadilika, nikajua sasa limefika. "Miaka miwili nimeogopa kuwasha jiko. Miaka miwili nimekuwa nikimwomba mwanangu msamaha kwenye simu kwa vitu ambavyo sikuvisahau. Na wewe unakunywa chai yangu unanitazama."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo, Fundi. Nilikuwa nakutazama."

Akabonyeza kengele. Akaja mhudumu wake, mama mmoja wa Bukavu, Kongo, mnene, mpole, mikono bado ina maji.

"Mzee anataka nini?"

"Mwambie," Fundi akaniambia. "Mwambie huyu. Yeye ndiye anayeandika mimi ni mtu wa namna gani."

Nikamwambia yule mama, mtu nisiyejua hata jina lake, kwamba mimi nimeharibu mali ya mzee huyu nikasema uongo. Kwamba yeye hakusahau kitu.

"Bon, haya," yule mama akasema polepole. Akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo Mzee kichwa chake ni kizima?"

"Kizima," nikasema.

"Nitaandika, mama." Akajifuta mikono kwa aproni. "Na wale watu wa Ijumaa, Mzee? Niwapigie?"

Fundi alikunjua barua, kunjo moja, la pili, la tatu, la nne. Akainyoosha juu ya goti kwa kiganja.

"Wapigie. Waambie waje asubuhi, na waje na muda. Majina ni mengi."

Yule mama akatoka. Nikabaki sijui pa kuweka mikono. Fundi akageukia ukuta.

"Nenda nyumbani. Leo sikutaki."

"Haya."

"Wiki ijayo njoo."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema tena, bila kugeuka:

"Na madirisha yangu ya jikoni, siku ile. Uliyaacha na mistari. Nilikuonea haya kukwambia."

Nilifunga kifungo cha koti, nikafunga kingine. Ilikuwa kweli. Yale madirisha nilikuwa nimeyaanza, na baada ya lile pipa nilirudi nikashika kitambaa, lakini mikono haikukubali, nikayaacha hivyo hivyo na jua linapiga.